Posa ya Kiitaliano

Kitana aliusukuma mlango wa jiko la ukumbi kwa bega, akalibwaga sinia la vikombe mezani hata vijiko vikaruka, kisha akaurudisha mlango kwa kisigino. Fundi Lifti alikuwa amesimama kando ya sinki akipanga biskuti kwenye sahani, mtu na amani yake. Kitana alimkagua kuanzia viatu vilivyong'arishwa hadi tai nyekundu ya kuazima.

"Kwa hiyo lilikuwa zoezi," alisema.

Biskuti ikakatika mkononi mwa Fundi.

"Nani kakwambia?"

Hakuuliza zoezi gani. Hakushangaa, hakucheka, hakukunja uso. Aliuliza nani kakwambia, na hapo Kitana akajua kwamba kila alichosikia jana kilikuwa kweli tupu. Kumbe mpaka sekunde ile moyo wake mjinga ulikuwa bado unamtetea mwanamume huyu.

"Mama yako kaniambia. Jana, kwenye kiti changu cha saluni, kichwa chake kikiwa mikononi mwangu."

"Mpenzi, ngoja nikueleze..."

"Usiniite mpenzi. Au na hilo nalo ni zoezi?"

Fundi alitupa jicho mlangoni. Nyuma ya mlango ule wanachama walikuwa wanapanga viti, mtu anajaribisha kodiani, na wageni wameanza kupanda ngazi. Leo Chama cha Kiitaliano cha mtaa kilikuwa kinafungua milango kwa ndugu na majirani waje waone wanachofundishwa humo ndani, na kivutio kikubwa cha siku kilikuwa igizo la Fundi na Kitana.

Chama chenyewe kilikuwa ghorofani, juu ya duka la viatu, na kila mtu aliingia kwa sababu zake. Yuko aliyependa nyimbo zao. Yuko aliyekuwa na binti aliyeolewa huko Italia na wajukuu wasiomwelewa kwenye simu. Yuko mzee mmoja mwenye pikipiki ya Kiitaliano, ambaye aliamini kwa dhati kwamba ikitukanwa kwa lugha yake itawaka. Fundi aliingia kwa sababu lifti nyingi alizotengeneza zilikuja na maandishi ya Kiitaliano, na alichoka kubahatisha. Kitana aliingia baada ya ndoa yake ya kwanza kuvunjika. Huku nje kila aliyekaa kwenye kiti chake kusukwa alitaka kujua ilikuwaje wakaachana. Kule ghorofani hakuna aliyekuwa na maneno ya Kiitaliano ya kutosha kuuliza, na yeye alipumzika.

Sheria ya chama ilikuwa moja. Ukishavuka kizingiti cha ukumbi, Kiswahili unakiacha kwenye ngazi pamoja na mwavuli wako. Atakayeteleza, Maestra, yaani mwalimu wao, anatikisa kengele yake ndogo na mkosaji anapelekwa jikoni kuosha vikombe. Maestra alikuwa mkunga mstaafu aliyeishi Italia ujanani, na kwa hilo hakuwa na mchezo hata kidogo. Kwa hiyo jikoni ndipo mahali pekee ambapo mtu aliweza kusema Kiswahili bila kuogopa, maana aliyeko humo alishaadhibiwa.

Ndiyo maana Kitana alimtafuta Fundi humo. Alichotaka kumwambia hakikuwemo kwenye masomo ya Maestra.

"Alikwambiaje?" Fundi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Unataka nikuigizie? Si ndiyo kazi yetu siku hizi, kuigiza?" Kitana akashika kiuno, akabinua mdomo kama mama yake Fundi. "'Nimesikia ulimchekesha mwanangu na hiyo michezo yenu ya Kiitaliano. Eti kakuposa, eti na wewe umekubali, watu wakapiga makofi! Nilitaka kuzimia, mama. Nikamuuliza, akacheka sana. Akaniambia, mama, lilikuwa zoezi tu, sisi kule tunaigiza.'"

"Sikucheka sana."

Kitana alimtazama kama mtu anayetazama sindano iliyomchoma.

"Hukucheka sana," alirudia taratibu. "Ulicheka kiasi."

"Kitana..."

"Sijamaliza. Akaendelea. 'Nimefurahi kwamba ni mchezo, maana wewe mwenyewe mtu mzima unaelewa. Umemzidi umri, halafu ulishaolewa ukaachika. Mwanangu kijana mbichi, namtafutia aliye mpya, siyo mtumba.' Hilo neno, Fundi. Mtumba. Anasema hivyo ameinamisha shingo nimsuke, kwa sababu leo anakuja kukutazama jukwaani na anataka apendeze."

Fundi akafumba macho. "Alisema hivyo kweli?"

"Nikamsuka. Unafikiri ningefanya nini? Nikamsuka mistari mizuri kuliko yote niliyowahi kusuka, nikaikaza mpaka nyusi zikapanda juu. Utamwona. Leo kutwa nzima mama yako atakuwa na uso wa mtu aliyeshtuka."

Ingekuwa siku nyingine, wangecheka wote wawili. Fundi alijaribu hata kutabasamu, kosa kubwa. Kitana aliokota kijiko, akakitupa kwenye sinki, kikalia kama kengele ya Maestra.

Jioni ile ya posa haikuwa mbali, wote wawili waliikumbuka vizuri. Desturi ya chama ilikuwa watu kukaa wawili wawili kwenye meza ndogo na kuokota kadi: mko sokoni, mko kituo cha treni, mko kwa daktari. Kadi yao ilisema mko mgahawani, mnaagiza kahawa. Waliagiza kahawa. Halafu Fundi akaigeuza kadi kifudifudi, akapiga goti kwenye mbao za sakafu zinazolia, akamuuliza kwa Kiitaliano kama atakubali kuolewa naye. Ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi. Maestra alifuta machozi akasema hajawahi kuona mwanafunzi akitamka vizuri namna ile. Wote walidhani ni zoezi limekolea.

Kitana naye alitaka kuhakikisha. Waliposhuka barabarani, mbele ya viatu vilivyowekwa dirishani, alimshika mkono akamuuliza, "Ulikuwa unacheza?" Fundi akamjibu kwa kile kile Kiitaliano chake, polepole, neno kwa neno, kwamba hajawahi kusema jambo la kweli kama lile tangu azaliwe. Kitana alifika nyumbani hajui amepita njia gani. Asubuhi alimwambia baba yake ajiandae kupokea wageni.

"Nieleze jambo moja," Kitana alisema sasa. "Mama yako alipokuuliza, kitu gani kilikukaba koo? Neno 'ndiyo' lina herufi ngapi?"

"Humjui mama akinuna. Tangu baba afariki, akikasirika anasusa chakula. Anakaa tu chumbani, mlango umefungwa, nyumba inakuwa kama kuna msiba. Nilikuwa natafuta wakati mzuri."

"Wakati mzuri! Unamsubiri ashibe?"

"Wewe unaona rahisi..."

"Mimi naona rahisi? Mimi?" Sauti ya Kitana ilipanda, akaishusha kwa nguvu zake zote. "Mimi niliyetoka kwenye ndoa na begi moja, nikaapa sitamwambia tena mwanamume nakupenda? Nimekwambia wewe. Nimekwambia mbele ya mzee wa pikipiki na mbele ya watu wote wale. Usiniambie habari ya rahisi."

Fundi aliegemea sinki. Alikuwa kijana mrefu mwenye mikono mizuri ya kazi, na macho yake yalipokuwa na huzuni yalimvuta Kitana hata pale alipotaka kumkaba. Jambo hilo lilizidi kumpandisha hasira. Ubaya wa kumkasirikia mtu unayempenda ni kwamba unalazimika kumwangalia.

"Unajua ninavyokuwa kule ukumbini," Fundi alisema. "Kwa Kiitaliano nasema chochote. Yale maneno nimeyajua ukubwani, hayajawahi kunigombeza. Nikitaka kusema jambo hilo hilo kwa Kiswahili, naona uso wa mama. Nasikia ananiuliza nimekula, nimeoga, nimerudi saa ngapi. Nakuwa mtoto, Kitana. Sijui niseme vipi."

"Nami niolewe na nani, yule wa kule ukumbini? Tutaishi wapi, juu ya duka la viatu?"

"Tumalize igizo la leo kwanza. Wageni wameshafika. Baadaye nakuahidi tutakaa..."

Hili ndilo lililokuwa limemkosesha Kitana usingizi, zaidi hata ya lile neno la mama mtu. Wanachama walilipenda mno zoezi lile, wakaamua liwe igizo la siku ya wageni. Yaani leo apande jukwaani, aulizwe upya kile alichoulizwa kwa kweli, ajibu upya kile alichojibu kwa moyo wake wote, na watu wacheke. Mama yake Fundi acheke pia, mstari wa mbele, na nyusi zake juu.

"Wewe unaliweza hilo?" alimuuliza. "Unaweza kupiga goti pale, mama yako anakutazama, ukijua anaamini ni mchezo?"

Mlango ukafunguliwa, uso wa Maestra ukachungulia, miwani imeshuka puani. Akapiga makofi mawili, akawaita kwa Kiitaliano, haraka, haraka, watu wamekaa. Fundi akatengeneza tai. Alipompita Kitana alinong'ona, "Nisamehe," na hata hilo alilisema kwa Kiitaliano.

Kitana alisonya msonyo mrefu uliomfuata mpaka mlangoni.

Ukumbi ulijaa pomoni. Maestra aliwatangazia wageni kwamba leo sheria inawahusu na wao, wakafundishwa mlangoni kusema habari na asante, basi. Matokeo yake majirani, watu wazima, walikaa kwenye viti wakichekacheka bila sauti, wakionyeshana kwa vidole, na ukumbi ulikuwa na ukimya wa ajabu. Mama yake Fundi alikuwa mstari wa mbele, gauni la bluu, mkoba magotini. Mistari ya nywele ilikuwa imenyooka kama imepigwa rula. Nyusi zilikuwa juu. Alipomwona Kitana akitokea alimpungia mkono kwa upendo kabisa, upendo wa mtu na msusi wake, na Kitana akageuza macho.

Wakaketi kwenye meza ndogo. Maestra mwenyewe alikuwa mhudumu wa mgahawa, kitambaa begani. Waliagiza kahawa. Mzee wa pikipiki aligeuka mteja anayelalamika kwamba kahawa imepoa, watu wakavunjika mbavu ingawa hawakuelewa neno. Mambo yalikwenda vizuri. Kitana alisema kila alichotakiwa kusema, sauti yake kavu, mikono yake imebanwa katikati ya magoti chini ya meza.

Kisha Fundi akaigeuza kadi kifudifudi, akapiga goti. Mbao zikalia vile vile.

"Vuoi sposarmi?"

Hakuna mgeni aliyehitaji tafsiri. Mwanamume amepiga goti na tai yake nyekundu, kila mtu alijua ameulizwa nani na ameulizwa nini. Mwenye kodiani aliinua vidole, tayari kupiga mara Kitana atakapojibu.

Kitana hakujibu.

Alimtazama Fundi usoni. Kijasho kilikuwa kimemtoka juu ya mdomo. Macho yake yalikuwa yale yale ya siku ile, hayakuwa yanaigiza hata kidogo, na Kitana akaona wazi kwamba anaulizwa kwa kweli, kwa mara ya pili, mbele ya mwanamke ambaye angeambiwa jioni kwamba ni mchezo. Mtu huyu angeweza kumposa hivi maisha yake yote.

Fundi akarudia swali. Maestra alimnong'oneza Kitana jibu, akidhani amesahau.

"Sikusikii," Kitana alisema. Kwa Kiswahili.

Watu wakaguna. Kengele ya Maestra ikalia, mikono ya watu ikanyooshwa kuelekea jikoni, kicheko kikazuka kila upande. Wageni walidhani igizo ndivyo lilivyo.

"Nitaviosha," Kitana alisema, akasimama. "Vyote, na sahani zake. Lakini kwanza unijibu. Mama yako amekaa pale. Hajui Kiitaliano, na hana haja ya kukijua. Mwambie unachoniuliza, kwa lugha anayoisikia."

"Kitana, tafadhali..."

"Hiyo siyo. Jaribu tena."

Kicheko kilianza kupungua, kwanza mbele, halafu nyuma. Mama yake Fundi alikuwa bado na tabasamu midomoni, lakini mkoba wake alikuwa ameushika kwa mikono yote miwili.

"Baba yangu ana magoti mabovu," Kitana aliendelea, na sasa alikuwa hamwambii Fundi peke yake. "Hata ngazi tatu za mlangoni kwetu zinamtesa. Amepanda juu ya stuli akapaka rangi sebule yote, peke yake, kwa sababu nilimwambia kuna wageni wanakuja kuzungumza habari zangu. Leo hakuja hapa. Amekaa nyumbani amefungua madirisha, harufu iishe kabla hamjafika. Nikirudi nimwambie nini? Baba, samahani, lilikuwa zoezi?"

Fundi alikuwa bado amepiga goti. Alimtazama mama yake, akamtazama Kitana, akaitazama sakafu.

Kitana alimsubiri. Alimpa muda wa kutosha, zaidi ya aliostahili. Kisha akakusanya vikombe viwili vya mezani, akashuka jukwaani, akapita katikati ya viti na kichwa chake juu, akaingia jikoni.

Machozi yalimtoka alipofungua bomba, machozi ya hasira, yale yanayochoma. Aliosha kikombe kimoja kama anataka kukitoboa. Alijilaumu. Alimlaumu Maestra, Italia nzima, na yule aliyetunga kadi ya mgahawa. Alijiapiza kwamba kesho anafuta namba, anabadili njia ya kwenda kazini, na mama mtu atafute msusi mwingine wa kumtukana.

Juu ya sinki palikuwa na kidirisha cha kupitishia vikombe, pazia lake limefungwa nusu. Kupitia hapo alisikia kiti kimoja kinalia. Halafu akasikia sauti ambayo hakuitambua mara moja, kwa sababu ilikuwa nyembamba na ilikuwa inasema Kiswahili.

"Mama."

Kengele ikalia.

"Acha ilie. Mama, nilikudanganya. Halikuwa zoezi."

Kitana alifunga bomba.

"Nilimuomba nimuoe, akakubali. Nikashuka ngazi hizi, nikarudi nyumbani, ukaniuliza, nikamkana. Niliogopa utaacha kula. Mtu mzima mimi, napanda juu ya lifti ghorofa ya kumi sitetemeki, nikaogopa sahani ya chakula." Sauti ilikatika, ikarudi. "Nampenda. Sijui kulisema vizuri kwa Kiswahili, sijawahi. Nampenda huyu mwanamke, mama. Umri wake naujua. Ndoa yake naijua. Aliachika kwa sababu alikataa kupigwa, na mimi nimeona ni afadhali anichukue mimi niliye mwoga kuliko nimkose. Ukisusa chakula, nitakula peke yangu. Lakini namtaka yeye."

Kwenye kidirisha Kitana aliona mgongo wa gauni la bluu ukiinuka.

"Wewe mtoto!" mama yake Fundi alipaza sauti, na kengele ikatikiswa kwa wazimu. "Ulinidanganya mimi? Nikaenda kukaa kwenye kiti cha yule binti nikasema maneno yale? Ukaniacha nimtukane mtu mikono yake iko kichwani mwangu?"

"Mama, vikombe!" mtu mmoja alimkumbusha kwa hofu.

"Nipisheni na vikombe vyenu!"

Mlango wa jikoni ulifunguliwa, Fundi akaingia. Alikuwa amevua tai na amekunja mikono ya shati. Alichukua kikombe kutoka mkononi mwa Kitana, akaanza kukiosha.

"Umechelewa," Kitana alimwambia.

"Najua."

"Na usidhani nimelainika. Sijalainika."

"Najua."

"Uliniuliza kwa wakati wako, mimi nikajibu papo hapo. Sasa zamu yako kungoja. Ungoje mpaka uote mvi."

"Nitangoja."

"Na hicho kikombe hakijatakata, kirudie."

Akakirudia. Walisimama bega kwa bega, mmoja anaosha mwingine anafuta, na Kitana alikuwa bado anahema kwa hasira. Lakini hakusogea mbali. Kiwiko cha Fundi kilipogusa chake hakukiondoa, akajidanganya kwamba ni kwa sababu ya ufinyu wa sinki.

Mlango ulifunguliwa tena. Mama yake Fundi aliingia akiwa amebeba sinia lililojaa vikombe vichafu, akaliweka mezani kwa kishindo kile kile alichopiga Kitana mwanzo. Nyusi zilikuwa juu, ila macho chini yake yalikuwa mekundu.

"Wamenileta kuosha," alisema. "Eti nimesema Kiswahili."

"Shikamoo, mama," Kitana alisema, kwa sababu malezi ni malezi hata ukiwa umevimba.

"Marahaba." Alivuta stuli, akakaa. Hakumtazama mwanawe hata kidogo. "Wewe, osha. Na vyangu pia utaosha. Na mimi na wewe nyumbani tuna maneno."

"Ndiyo, mama."

Maji yalitiririka. Nje kodiani ilikuwa imeanza, kwa woga, wimbo mwingine.

"Kichwa kinaniuma," mama alisema mwisho, kama anamwambia ukuta. "Usiku kucha sikulala. Ulinisuka kwa hasira."

"Ndiyo, mama."

"Ningekuwa wewe ningenyoa kabisa." Akameza mate. "Lile neno nililosema jana. Sikutakiwa kulisema. Hata kama ingekuwa zoezi, sikutakiwa."

Kitana alikuwa ameandaa maneno makali kwa ajili ya mwanamke huyu, ameyapanga tangu jana. Aliyatafuta, akakuta mengine bado yapo. "Liliniuma sana," alisema. "Litaniuma na kesho."

"Lazima. Nifumulie."

Kitana alijifuta mikono, akazunguka nyuma ya stuli. Alianza na mstari wa mbele, karibu na kipaji, akaulegeza kwa ncha za vidole. Nyusi za mama zikashuka kidogo. Akaachia pumzi ndefu ya mtu aliyevuliwa viatu vinavyobana.

"Baba yako amepaka rangi gani?" aliuliza.

"Ya maziwa."

"Hiyo haikai. Vumbi kidogo tu, imekwisha." Mstari wa pili ulipofumuliwa aliuliza tena. "Jumapili huwa yupo nyumbani?"

Vidole vya Kitana vilisimama. Kwenye sinki maji yalikuwa yanamwagika bure, na Fundi amesimama na kikombe mkononi, hapumui.

"Yupo," Kitana alisema. Sauti yake ilikuwa bado imekunja ngumi. "Lakini sijasema nimekubali."

"Nani kakuuliza wewe? Mimi naongelea rangi."

Fundi aliwatazama wote wawili, macho yamejaa, akaweka kikombe chini, akaweka mkono kifuani, akafungua mdomo.

"Amore mio..."

"Kiswahili!" walimfokea kwa pamoja.